Deni la Nyumba Lisizeeke Nasi

Ndugu vijana wa parokia,

Siku za matanga, baada ya maziko, wazee wa ukoo huketi kusikiliza mambo ya marehemu: nani anamdai, yeye alimdai nani, watoto watabaki mikononi mwa nani. Tumeketi katika vikao hivyo mara nyingi, Butembo na Beni, na zaidi ya mara moja tumemwona mgeni mmoja akisubiri kwa adabu mpaka wengine wamalize kusema, kisha akatoa bahasha. Ndani ya bahasha mna karatasi ya kiwanja. Mjane anaitazama na kuitambua sahihi ya mumewe. Watoto wanaitazama na kuelewa kwa mara ya kwanza kwamba nyumba waliyolala miaka yote hiyo haikuwa yao kamili.

Linalouma katika kikao cha namna hiyo si kwamba marehemu alikopa. Alikopa kwa nia njema, ili apaue nyumba au alipe karo. Linalouma ni kwamba katika miaka ile ile ya deni alichangia kila harusi, alinunua kila kitenge cha sare, alibadilisha simu kabla ya ile ya kwanza kuharibika, na wengi wa walioketi kikaoni walikula na kunywa kwake. Fungu lake la mwezi alilipa kila alipoweza. Zaidi ya fungu hilo hakulipa hata siku moja, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba angeweza.

Kukopa harusi, kulipa matanga: ndivyo walivyosema wahenga, na kwetu methali hiyo imetimia neno kwa neno.

Neno letu ni hili. Mwenye nyumba iliyo rehani asingoje tarehe ya mwisho iliyoandikwa katika mkataba. Akiisha kutimiza mahitaji halali ya nyumbani, na akiisha kuweka akiba ndogo ya dharura, kila senti inayobaki iende kwenye deni mpaka karatasi irudi mikononi mwake. Desturi ya kulipa kinachodaiwa tu, na kuitawanya ziada mbele za watu ili tuonekane, ni desturi mbaya. Sisi watu wazima tumeirithi na kuilea. Tunawaomba ninyi mwivunje.

Jinsi nyumba inavyoingia rehani

Huku kwetu ni wachache sana wanaoingia benki mikono mitupu na kutoka na funguo za nyumba watakayoilipia kwa miaka 25, kama ilivyo kawaida Ulaya. Sisi hujenga kidogo kidogo. Mwaka huu kiwanja, mwaka ujao matofali, mwaka mwingine mabati, na madirisha hungoja mpaka Mungu atakapofungua njia. Mkopo huingia katikati ya safari hiyo: kumalizia bei ya kiwanja, kuinua kuta, au kukuza biashara huku nyumba ikiwekwa kuwa dhamana.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba ardhi ya Kongo ni mali ya Taifa. Raia hupewa haki ya kuitumia, na haki hiyo huthibitishwa kwa cheti cha usajili kinachotolewa na mtunzaji wa hati za ardhi. Rehani iliyo kamili kisheria husimama juu ya cheti hicho. Lakini wengi wetu hatuna cheti. Tuna karatasi ya mauziano yenye sahihi za mashahidi na mhuri wa mkuu wa mtaa, na karatasi hiyo ndiyo inayolala katika sanduku la chuma la mkopeshaji. Wapo hata wakopeshaji wa mitaani ambao huandika mkopo kana kwamba ni mauzo: siku ukishindwa kulipa, karatasi inasema uliuza. Mwenye cheti ana ngome fulani ya sheria. Mwenye karatasi tu ana neno lake dhidi ya neno la aliyeishika karatasi hiyo. Kwa mtu wa namna hii, kila mwezi wa deni ni mwezi wa hatari, na kuufupisha muda wa deni ni kuifupisha hatari yenyewe.

Hekima iliyokwisha muda wake

Kwa nini basi wazazi wetu hawakuwa na haraka ya kulipa? Tusiwahukumu kabla ya kuwaelewa. Mwezi Desemba 1979 serikali ya Mobutu ilifuta noti za zaire 5 na zaire 10 na kuwapa watu siku chache tu za kuzibadilisha. Waliokuwa na akiba chini ya godoro walibaki na makaratasi. Mwaka 1993 ililetwa zaire mpya, moja kwa zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1994 bei za vitu zilipanda zaidi ya mara mia moja. Mwaka 1998 ikaja faranga ya Kongo, na hesabu zikaanza upya.

Katika nchi ya namna hiyo, mdeni aliyechelewa alikuwa mwerevu. Aliyekopa bei ya mbuzi mwezi wa kwanza alilipa bei ya kuku mwezi wa sita. Aliyewahi kulipa alijipunja. Ndipo ilipozaliwa hekima tunayoisikia mpaka leo: deni haliozi, mwenye kudai asubiri.

Lakini hekima hiyo ilizaliwa chini ya zaire, na zaire imekufa. Madeni ya nyumba leo huandikwa kwa dola ya Marekani. Dola hainyauki mikononi mwa mkopeshaji jinsi zaire ilivyonyauka. Tena jambo limegeuka kuwa kinyume: wengi wanaodaiwa kwa dola hulipwa kwa faranga. Mwanzoni mwa mwaka 2016 dola moja ilipatikana kwa faranga zisizofika 1,000. Kufikia mwaka 2024 ilidai zaidi ya faranga 2,700. Mwalimu au muuguzi aliyeahidi dola 100 kila mwezi katika miaka hiyo aliona ahadi yake ikikua karibu mara tatu huku mkataba haujabadilika hata nukta. Faranga huweza pia kupanda, lakini hakuna kati yetu anayeiamrisha. Zamani kuchelewa kulimfaa mdeni. Sasa kuchelewa kunamla. Anayekariri hekima ya mwaka 1994 mbele ya deni la dola ni sawa na askari anayelinda daraja ambalo mto wake ulikwisha kuhama.

Hesabu isiyodanganya

Tuchukue mfano, nanyi muuhakikishe kwa kikokotoo cha simu. Familia imekopa dola 5,000 kwa miezi 36, riba ya asilimia 2 kwa mwezi, inayohesabiwa juu ya deni lililobaki. Fungu la kila mwezi ni dola 196 na senti kidogo. Katika fungu la kwanza, dola 100 ni riba. Ni dola 96 tu zinazolipunguza deni la msingi. Wakilipa hivyo mpaka mwisho, watakuwa wametoa jumla ya dola 7,062 hivi. Riba peke yake ni dola 2,062.

Sasa familia hiyo iongeze dola 50 kila mwezi, tangu mwezi wa kwanza. Dola hizo hazina riba ya kulipia. Zote zinakwenda kulipiga deni la msingi. Deni linakwisha mwezi wa 27 badala ya mwezi wa 36. Riba inashuka mpaka dola 1,480. Wameokoa dola 580 na miezi tisa ya usingizi. Na wakiweza dola 20 tu za ziada? Deni linakwisha mwezi wa 32, na dola 280 zinabaki nyumbani. Haba na haba hujaza kibaba, lakini katika deni kuna jambo la kuongeza: haba ya mapema ina nguvu kuliko haba ya mwisho. Dola moja iliyolipwa miezi 30 kabla ya wakati wake huzuia takriban senti 81 za riba. Dola hiyo hiyo ikilipwa mwezi mmoja kabla, huzuia senti 2.

Dola 50 kwa mwezi ni dola moja na senti 67 kwa siku. Tunajua kwamba kwa familia nyingi kiasi hicho ni chakula cha siku nzima, nasi hatusemi na familia hizo. Anayekula mara moja kwa siku hana ziada, na kumhubiria ubanifu ni kumtukana. Tunasema na wale ambao dola hiyo inapita mikononi mwao na jioni hawajui imekwenda wapi. Nasi tumo miongoni mwao.

"Fedha iliyo dukani huzaa zaidi"

Pingamizi la kwanza tunalijua, kwa maana Butembo ni mji wa biashara, nasi ni watoto wa wafanyabiashara. Watatuambia: kwa nini nilipe deni la asilimia 2 ilhali shehena kutoka Guangzhou au Dubai, ikivuka Kasindi salama, huniletea asilimia 10?

Tunajibu kwamba neno zito katika sentensi hiyo ni "salama". Faida ya bidhaa ni tumaini. Riba ni hakika. Riba haisimami barabara inapofungwa. Tumeona magari kati ya Beni na Komanda yakisafiri kwa misafara iliyosindikizwa na askari, na bado watu wakauawa. Tumeona njia ya kwenda Goma kupitia Kanyabayonga ikigeuka uwanja wa vita mwaka 2024. Goma ilipotekwa mwishoni mwa Januari 2025, benki zake zilifunga milango, na wafanyabiashara wengi waliokuwa na fedha huko walikaa na mali wasiyoweza kuigusa. Katika siku zote hizo hakuna deni lililosahau kuhesabu riba yake.

Hatusemi mfanyabiashara aache kununua bidhaa. Anayejua mzunguko wa mali yake, aendelee. Tunamwomba jambo moja tu: atuonyeshe daftari. Kama faida ya mwaka jana ilirudi kweli kulipunguza deni, hoja yake ina uzito, na tutanyamaza. Lakini mara nyingi daftari halipo. Faida iliyosifiwa iligeuka gari la pili, au ghorofa lisilokamilika, na nyumba bado iko rehani. Huyo hakuchagua biashara badala ya deni. Alichagua sifa, akaipa jina la biashara.

"Nyumba haibebeki mgongoni"

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo hutoka Beni. Tangu Oktoba 2014 mauaji yameziandama familia za Oicha, Eringeti, Mbau na vijiji vingi vinavyozunguka mji. Watu wameacha mashamba ya kakao yakiwa yamezaa, wameacha nyumba zenye milango mipya. Mzazi mmoja alituambia: "Mnaniambia nizike fedha yangu katika kuta? Usiku nikikimbia, nitabeba nini?"

Hatuna jibu jepesi, wala hatulitafuti. Kwanza tunakiri kwamba ana haki katika jambo moja: ziada yote isiende kwenye deni. Katika nchi yetu, mwenye kulipa kabla ya wakati na kubaki bila senti mfukoni amefanya kosa jingine, kwa maana fedha iliyokwisha kuingia katika deni haitoki tena usiku wa kukimbia. Ndiyo maana tulisema tangu mwanzo: akiba ndogo kwanza. Chakula na nauli ya jamaa kwa miezi miwili au mitatu, mahali panapofikika. Baada ya hapo tu, deni.

Lakini tumwombe mzazi huyo atazame upande wa pili. Nyumba haikimbii nawe. Deni linakimbia nawe. Waliokimbilia Butembo kutoka vijijini wanalipa kodi ya chumba cha kupanga, na wengine wao bado wanadaiwa kwa ajili ya nyumba wasiyoweza kuikanyaga. Aliyekimbia bila deni amepoteza nyumba. Aliyekimbia na deni amepoteza nyumba na mshahara wa kesho. Kwa hiyo hatari ya vita haitufundishi kulipa polepole. Inatufundisha kukopa kidogo, kuweka akiba kwanza, na kulimaliza deni mapema wakati kuna utulivu.

Na kwa wakopeshaji wanaowadai waliokimbia, tunasema bila kuzunguka: kuhesabu riba juu ya nyumba iliyochomwa, wakati mwenye nyumba analala sebuleni kwa jamaa, ni dhuluma hata kama mkataba unairuhusu.

Msimu wa dola

Tangu tarehe 1 Agosti 2018 mpaka tarehe 25 Juni 2020 tuliishi na Ebola. Watu 2,287 walifariki. Tuliwazika bila kuwagusa, na jeraha hilo halijapona. Lakini pamoja na msiba zilikuja fedha. Timu za kupambana na ugonjwa zilikodi nyumba na magari kwa dola, na vijana wengi wa Beni na Butembo walipata kazi za kulipwa kwa siku: kupima joto, kunawisha watu mikono, kuendesha magari. Wengine hawakuwa wamewahi kushika fedha ya namna hiyo.

Vijana wa wakati huo leo ni baba na mama, nasi tunaweza kulinganisha. Wapo waliosema: fedha hii ina mwisho, kwa hiyo iende kuua kitu kisicho na mwisho. Walilipa deni la kiwanja cha wazazi, karatasi ikarudi nyumbani. Wapo wengine walioona kwamba maisha yamepanda na hayatashuka tena. Walihamia nyumba ya kodi kubwa, walikopa wapate kununua gari la kukodisha, wakizitegemea dola za mwezi ujao. Juni 2020 ilipofika, kazi zikafungwa, magari yakakaa bila mkodishaji, na fungu la mwezi likaendelea kubisha hodi.

Fundisho la msimu ule halijapitwa na wakati. Kila mmoja wenu atapata msimu wake: mradi wa miezi sita, mavuno mazuri ya kakao, zawadi ya mjomba aliye ng'ambo. Mapato ya msimu yasijenge maisha ya kudumu. Yalipe deni la kudumu.

Matumizi yanayotuaibisha

Tunarudi kwenye harusi na matanga, kwa maana huko ndiko ziada zetu zinakokufia. Kuchangiana ni uzuri wetu, wala hatutaki kuuondoa. Jirani aliyefiwa asipate chakula kwa sababu sisi tunalipa deni? Hasha. Lakini kuna mchango unaomsaidia mfiwa, na kuna gharama inayomsaidia mchangiaji aonekane. Unga na maharage vilivyopelekwa usiku wa kwanza ni vya mfiwa. Kitenge kipya cha sare kwa kila msiba ni chetu sisi. Mbuzi wa mahari ni agano la koo mbili. Msafara wa magari ya kukodi ni maonyesho kwa barabara.

Tunapendekeza mambo matatu, nayo si mageni. Kwanza, siku ya mshahara au ya mauzo makubwa, fungu la deni na ziada yake vilipwe siku hiyo hiyo, kabla ya kupita sokoni. Fedha iliyolala nyumbani usiku mmoja huamka imepungua. Pili, mume na mke wakubaliane mwanzoni mwa mwaka kiasi cha michango ya harusi na matanga, wakiandike, na kikiisha wawe na ujasiri wa kusema: mwaka huu tutawasaidia kwa mikono, kwa kupika na kubeba maji. Tatu, kila matumizi yaandikwe katika daftari, hata ya senti kidogo: vocha ya simu, pikipiki, chupa ya Jumapili jioni. Daftari halimkatazi mtu kitu. Linamwonyesha tu alichokwisha kuchagua, na mara nyingi hilo linatosha kumbadilisha.

Neno kwa vyama vya akiba na mikopo

Mdeni peke yake hawezi kubeba lawama yote. Rudini kwenye mfano wetu. Tulisema riba ya asilimia 2 inahesabiwa juu ya deni lililobaki. Lakini iko mikataba ambamo asilimia 2 ile ile huhesabiwa juu ya dola 5,000 zote, kila mwezi, mpaka mwezi wa mwisho, hata wakati mdeni amebakiza dola 200. Hapo riba si dola 2,062 tena. Ni dola 3,600. Na pale ambapo mkataba haumpunguzii riba anayewahi kulipa, malipo ya mapema hayamsaidii kitu. Mikataba miwili, namba moja ya riba, na tofauti ya dola zaidi ya 1,500. Ni wangapi kati yetu waliuliza kabla ya kutia sahihi?

Vyama hivi havikuzaliwa kwa ajili hiyo. Alphonse Desjardins alipoanzisha chama chake cha kwanza huko Lévis, Quebec, Desemba 1900, alitaka kuwaokoa wafanyakazi na wakulima kutoka kwa wala riba, na mapadre wa parokia walimsaidia kukieneza. Kwetu sheria ya tarehe 2 Februari 2002 iliviwekea kanuni vyama vya akiba na mikopo, na msingi wa ushirika ni kwamba kila mwanachama ana sauti moja, awe na dola 10 au dola 10,000. Kwa hiyo tusinung'unike mlangoni. Twende kwenye mkutano mkuu tudai mambo haya: riba ihesabiwe juu ya deni lililobaki, anayelipa kabla ya wakati asitozwe faini, kila malipo ya ziada yaandikwe kwamba yamepunguza deni la msingi, na karatasi ya kiwanja irudishwe siku ile deni linapokwisha, si baada ya safari kumi za "rudi kesho".

Kitabu cha Nehemia, sura ya tano, kinasimulia watu waliokuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa, na wakopeshaji walikuwa ndugu zao wenyewe. Nehemia alikasirika. Hakuwaambia wadeni wavumilie. Aliwakusanya wakubwa mbele ya watu na kuwataka warudishe mashamba na nyumba, pamoja na sehemu ya mia waliyokuwa wakitoza. Wafafanuzi wengi huielewa sehemu hiyo kuwa asilimia 1 kwa mwezi. Sisi tunatozwa 2, na tunaambiwa tushukuru.

Ninyi ambao hamjatia sahihi

Vijana wapendwa, wengi wenu hamna deni la nyumba. Msifikiri kwamba ukurasa huu hauwahusu. Wazazi wenu huenda wanalo, na sehemu ya ziada yao mnaitumia ninyi. Mwulize baba au mama kwa heshima, katika saa nzuri: karatasi ya kiwanja chetu iko wapi? Wengine watakasirika. Wengine watashusha pumzi, kwa kuwa walikuwa wakibeba peke yao. Kijana anayesema, "Simu hii bado inafanya kazi, fedha hiyo pelekeni kwenye deni," amechangia nyumba kuliko aliyenunua mabati.

Tena anzeni pamoja. Kivu ya Kaskazini inajua vizuri vikundi vya kusaidiana, MUSO, vyenye sanduku la kijani la kukopeshana na sanduku jekundu la misiba na magonjwa. Lipeni sanduku jekundu uzito wake. Mara nyingi fungu la deni hukosekana mwezi wa msiba au wa hospitali. Kikundi kikibeba msiba, mdeni anabaki na nguvu ya kuendelea kulipa. Likelemba nayo ina nafasi yake: zamu yako ikifika, kabla ya kufikiri viti vipya vya sebuleni, ufikirie deni.

Mwaka 1989, nchi ikiwa inadidimia na zaire ikiyeyuka, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianzishwa Butembo chini ya Askofu Emmanuel Kataliko. Watu wa kizazi kile hawakuwa na fedha kuliko sisi, na faranga yetu, pamoja na udhaifu wake wote, haiyeyuki kwa kasi ya zaire yao. Walijua tu kwamba kidogo kinachokwenda mahali pamoja kwa muda mrefu hugeuka ukuta. Kinachotawanyika hugeuka mavumbi ya barabara baada ya msafara kupita.

Siku moja mtakaa nanyi katika kikao cha matanga, mkisikiliza mambo ya marehemu. Tunaomba siku hiyo mgeni mwenye bahasha asiwepo, na mtoto aingie chumbani, afungue sanduku la mama yake, na aikute karatasi humo.

Maswali ya kutafakari katika kundi

1. Katika familia zetu, ni gharama zipi za harusi na matanga zinazomsaidia mhusika, na zipi zinazotusaidia sisi tuonekane?

2. Je, tunajua jinsi riba inavyohesabiwa katika chama cha akiba tunachokitumia? Nani kati yetu ataenda kuuliza wiki hii na kuleta jibu la maandishi?

3. Kundi letu linaweza kufanya nini kwa familia iliyokimbia vita huku ikiendelea kudaiwa?

4. Tuandike matumizi yetu yote kwa siku 30, kisha tusome madaftari pamoja bila kuchekana. Ni kiasi gani kingeweza kwenda kwenye deni la nyumbani?